Kabla ya kuuliza jina la dawa, uliza mdudu yuko hatua gani



Swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye kazi hii ni hili: "Bwana shamba, huyu mdudu dawa yake ipi?" Ni swali la haki, mtu ana mahindi yake yanaliwa. Lakini ni nusu ya swali. Nusu nyingine huwa haiulizwi kabisa: huyu mdudu, muda huu, ndani ya mwili wake kunaendelea nini?

Leo naizungumzia hiyo nusu ya pili, na msimamo wangu nauweka mezani mapema. Sisi maafisa ugani tunafundisha majina ya dawa mengi mno na tunamfundisha mdudu mwenyewe kidogo mno. Hasara yake inamwangukia mkulima, maana ndiye anayenunua chupa.

Wapo wenzangu watakaosema habari za seli na homoni ni za maabara, hazina kazi shambani. Nitawajibu huko mbele. Kwanza twende ndani ya mdudu.

Seli zinazosafiri kwa kufuata harufu

Chuoni tulikariri hatua nne: yai, lava, pupa, mdudu kamili. Ukiziandika hivyo kwenye mtihani unapata alama zako, maisha yanaendelea. Lakini jiulize: kiwavi mnene anayetambaa anageukaje kuwa nondo mwenye mabawa? Nani anaiambia seli hii iende kwenye bawa, na ile ibaki tumboni?

Ukijenga nyumba kuna fundi mkuu, kuna ramani, kuna mtu wa kupiga kelele "leta zege!" Ndani ya mdudu hakuna fundi mkuu. Seli zenyewe zinatumiana kemikali. Seli moja inatoa protini fulani, ile protini inasambaa kwa majirani. Karibu na inakotoka inakuwa nyingi, ukienda mbali inapungua. Seli nyingine ina vipokezi juu ya ngozi yake, vinainasa ile protini. Upande unaonasa nyingi zaidi ndiko seli inakonyoosha mkono na kujivuta.

Ni kama mtu anayepita uchochoroni saa saba mchana na kuna nyumba wanapika pilau. Sufuria haioni, wala hajaambiwa ni nyumba ya ngapi. Lakini harufu ikizidi anajua anakaribia, ikipungua anajua amepotea njia.

Mengi tunayojua kuhusu jambo hili yametoka kwa inzi wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi jikoni kwako. Jina lao la kitaalamu ni Drosophila melanogaster. Tusiwachanganye na inzi wa maembe, Bactrocera dorsalis, aliyeonekana kwetu Afrika Mashariki mwaka 2003 na anayetuozeshea maembe mpaka leo. Huyo ni adui wa shambani. Huyu wa jikoni ni kero tu, lakini kwa wanasayansi ni mwalimu wa zaidi ya miaka mia moja. Thomas Hunt Morgan alimpata mmoja mwenye macho meupe kwenye maabara yake New York mwaka 1910, na kuanzia hapo watu hawajamwacha. Mwaka 1995 watafiti watatu, Edward Lewis, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi jeni zinavyopanga mwili wa inzi huyu tangu akiwa yai.

Sasa sikia safari moja inayofanyika ndani ya inzi jike. Yai lake linapokua limefungwa kwenye kifuko pamoja na seli walezi 15 zinazolilisha, na nje kuna tabaka la seli nyembamba kama ganda. Mbele kabisa ya kile kifuko kikundi kidogo cha seli, sita hadi nane hivi, kinajibandua kutoka kwenye lile tabaka. Zinashikana, zinapenya katikati ya seli walezi, zinasukumana mpaka zinalifikia yai upande wa pili. Umbali wenyewe ni chini ya robo ya milimita, lakini safari inachukua saa nne hadi sita hivi. Wanaziita seli za mpakani. Mtafiti Denise Montell wa Marekani ndiye aliyezitolea jasho zaidi, na mwaka 1992 yeye na wenzake walieleza jeni ambayo ikiharibika seli hizo hazisafiri ipasavyo.

Zinajuaje njia? Harufu ya pilau. Yai lenyewe linatoa protini za kuziita. Mwaka 2001 Pernille Rørth na wenzake huko Heidelberg, Ujerumani, walionyesha protini hizo na vipokezi vinavyozinasa. Ukiivuruga ile ishara, seli zinapotea njia au zinachelewa.

Na zikishindwa kufika kuna hasara gani? Hapa ndipo mkulima anatakiwa kukaza macho. Seli hizo zikifika kwenye yai zinashiriki kutengeneza tundu dogo sana ambalo mbegu ya dume inapitia. Zisipofika, tundu halikamiliki, yai halirutubishwi. Jike ni mzima, anaruka, anakula, anataga. Lakini mayai yake hayana kitu.

Umeona? Mdudu anaweza kushindwa bila kuuawa. Shika hilo, tutalirudia.

Seli zenye kiu ya hewa

Mfano wa pili ni wa pumzi. Mdudu hana mapafu kama sisi. Ana matundu madogo ubavuni, na kutoka hapo mirija ya hewa inagawanyika matawi na vitawi mpaka kwenye kila sehemu ya mwili. Mirija hiyo hutokana na seli zinazotambaa na kujinyoosha wakati mwili unajengwa.

Mwaka 1996 Mark Krasnow na wenzake, chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza protini inayoiita mirija. Sehemu ya mwili inayotaka hewa inaitoa, seli za mrija zinaifuata, tawi linaota kuelekea huko. Jeni ya protini hiyo ilipewa jina la Kiingereza lenye maana ya "asiye na matawi", kwa sababu inzi aliyeikosa mirija yake haikutawanyika. Jeni ya kipokezi chake ikaitwa "asiye na pumzi". Miaka mitatu baadaye kundi hilohilo likaonyesha kwamba kwenye lava, seli zenye upungufu wa oksijeni ndizo zinazotoa ile protini kwa wingi. Yaani seli ikibanwa pumzi inapiga yowe la kemikali, na mrija unakuja.

Mkulima hawezi kushangaa sana hapo. Unajua mizizi ya muhindi inavyokwenda chini kutafuta unyevu. Mwili wa mdudu nao una mizizi yake, ila inatafuta hewa.

Na ukielewa hili utaelewa kwa nini mfuko wa kuhifadhia nafaka usiopitisha hewa unafanya kazi bila tone la sumu. Dumuzi na fukusi waliomo ndani wanatumia oksijeni yote iliyomo. Ikishaisha, hata mwili ujenge matawi mangapi, hewa ya kuvuta haipo. Wanaacha kula, wanakauka, wanakufa. Lakini ukitoboka kitundu kimoja, au ukiufungua kila siku kuchota kidogo, umewapelekea pumzi. Mkulima aliyeambiwa tu "usifungue" atafungua. Aliyeelezwa kwa nini, atatenga mfuko wa kula na mfuko wa kuhifadhi.

Homoni inayosema: sasa

Mpaka hapa tumeona ishara zinazosema "njoo huku". Ipo ishara nyingine inayosema "sasa". Ujenzi bila saa ni fujo, huwezi kupaua kabla ya kunyanyua ukuta.

Saa ya mdudu ni homoni ya kuvua ngozi, inaitwa ekdisoni. Inatoka kwenye tezi iliyo kifuani, nyuma ya kichwa, baada ya ubongo kutoa amri. Mwaka 1954 Wajerumani wawili, Adolf Butenandt na Peter Karlson, waliipata ikiwa safi kwa mara ya kwanza. Walitumia kilo 500 za pupa wa nondo wa hariri wakapata miligramu 25. Nusu tani ya pupa, na ulichopata hakijai hata ncha ya kijiko! Hiyo inakuonyesha jinsi kemikali hizi zinavyofanya kazi kubwa kwa kiasi kidogo.

Ekdisoni ikipanda kiwavi anavua ngozi. Ikipanda wakati wa pupa, mwili wa zamani unaanza kubomolewa, na vikundi vya seli vilivyokuwa vimekaa kimya tangu utotoni vinaanza kutanuka, kusogea na kuungana kuwa bawa, mguu, macho. Hata zile seli za mpakani kwenye kifuko cha yai zinaisubiri homoni hii. Mwaka 2000 Montell na wenzake walieleza jeni inayohitajika ili seli hizo ziisikie ekdisoni. Ikiharibika seli zinachelewa kuondoka, ndiyo maana waliiita taiman, neno la Kichina lenye maana ya "polepole mno". Yai linaita, lakini saa haijagonga.

Ipo na homoni ya pili, homoni ya utoto. Kazi yake ni kumwambia kiwavi: "Ukivua ngozi, baki kiwavi." Ikitoweka, uvuaji unaofuata unampeleka kwenye upupa.

Kuna kisa cha kweli ninachokipenda kuhusu homoni hii. Mwaka 1965 mtafiti Karel Sláma alitoka Prague na kunguni wake wekundu wa mimea, akaenda nao chuo kikuu cha Harvard, Marekani, kufanya kazi na Carroll Williams. Nyumbani kwao walikuwa wanakua vizuri tu. Kule Marekani wakagoma kukomaa. Walivua ngozi, lakini badala ya kuwa wakubwa wenye mabawa walibaki watoto wakubwa kupita kiasi, wakafa bila kuzaa. Wakatafuta mchawi kila mahali, kumbe ni karatasi ya kujifutia waliyoitandika kwenye vyombo vyao! Mti uliotengenezewa karatasi ile una kemikali inayoiga homoni ya utoto. Wakajaribu magazeti: karatasi ya New York Times iliwaharibu wadudu, ya The Times la London haikuwafanya kitu, kwa sababu miti ilikuwa tofauti.

Mti ule haukuwa na sumu ya kuua papo hapo. Ulikuwa na ujumbe wa uongo.

Sasa turudi kwenye mahindi

Kiwavijeshi vamizi aliripotiwa barani Afrika mwaka 2016 upande wa magharibi, na mwaka 2017 alikuwa ameshaingia kwetu. Sote tunamjua. Hebu tumtazame kwa kalenda ya mwili wake.

Nondo jike hutaga mayai kwa mafungu, fungu moja linaweza kuwa na mayai mia moja hadi mia mbili, limefunikwa kwa manyoya mepesi. Kukiwa na joto mayai yanaanguliwa kwa siku mbili hadi tatu. Kiwavi anapita hatua sita, anavua ngozi kati ya hatua na hatua, kwa wiki mbili mpaka tatu hivi. Hatua tatu za mwanzo ni mdogo, hazidi punje ya mchele, anakwangua jani likabaki kama kioo. Hatua ya mwisho ndiyo anayokula kuliko zote alizopita ukizijumlisha. Kisha anashuka ardhini, sentimita chache tu, anakuwa pupa. Kwenye joto anamaliza siku nane au tisa, kwenye baridi anaweza kukaa hata mwezi.

Tazama sasa makosa tunayoyaona kila msimu. Mkulima hajaingia shambani wiki mbili. Anakuja kuona moyo wa muhindi umejaa kinyesi kama unga wa mbao. Anakimbia duka la pembejeo. Anapulizia. Kiwavi amezama ndani, amejifunika kwa kinyesi chake, amebakiza siku chache ashuke ardhini. Siku tatu baadaye haonekani, mkulima anasema dawa imeua. Haijaua, jamani! Kiwavi ameshuka kujijenga upya. Huko ardhini seli zinaitana, zinasafiri, bawa linakunjwa na kukunjuliwa, na dawa iliyobaki juu ya jani haimgusi. Wiki inayofuata nondo wanatoka, mkulima anashangaa "mbona wamerudi?"

Au kinyume chake. Mkulima mwingine amepewa dawa inayovuruga ukuaji wa mdudu, mfano yenye kiambato cha lufenuroni. Kesho asubuhi anaingia shambani anakuta viwavi bado wanatembea. Anarudi dukani kwa hasira: "Hii feki." Anauziwa nyingine kali, anapulizia juu ya ile ya kwanza. Pesa mara mbili, sumu mara mbili, na wadudu rafiki wote chini.

Ile ya kwanza haikuwa feki. Lufenuroni inamzuia mdudu kutengeneza ngozi imara. Ili ifanye kazi lazima ale, halafu afike wakati wa kuvua. Atakufa siku ya kuvua, na hiyo ni baada ya siku mbili, tatu au zaidi. Zipo nyingine kama methoksifenozidi zinazoiga ekdisoni yenyewe: zinagonga saa kabla ya wakati, kiwavi anaanza kuvua ngozi wakati mpya haijawa tayari. Anaacha kula mapema, kifo kinakuja baadaye. Kwa hiyo kipimo chako kisiwe "ametembea au hajatembea". Angalia jani jipya la katikati. Limeliwa? Kinyesi kibichi kipo? Kama hakuna, dawa inafanya kazi hata kama kiwavi bado anakutazama.

Na mkulima asiye na pesa hajaachwa. Mwarobaini uko karibu kila kijiji cha pwani na sehemu nyingi za bara. Mwaka 1959 Heinrich Schmutterer aliona nchini Sudan nzige wamekula kila kitu wakaiacha mwarobaini imesimama kijani. Mbegu yake ina azadirakitini, kemikali inayomkatisha mdudu hamu ya kula na kuvuruga utoaji wa ekdisoni, hivyo anashindwa kuvua ngozi. Saga viini vya mbegu vilivyokauka vizuri, gramu 500 kwa lita 10 za maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, weka sabuni kidogo ya maji ili ishike kwenye jani. Pulizia jioni, kwa sababu jua linaiharibu. Lakini kumbuka kalenda: ni dawa ya viwavi wadogo. Ukiipeleka kwa kiwavi mnene wa hatua ya sita utakuja kusema mwarobaini ni uongo.

Kwa wanaosema mkulima hahitaji haya

Hoja ya kwanza ninayoisikia ni kwamba mkulima ana shida nyingi, mwambie dawa, kipimo na siku, basi. Nakubali muda ni mdogo. Lakini maelekezo bila sababu yanadumu mpaka mvua ibadilike tu. Wakati wa joto kiwavi anakua haraka, wakati wa baridi anachelewa. Ratiba ya "pulizia kila baada ya siku saba" haijui baridi ya Njombe wala joto la Kilosa. Mkulima anayejua kwamba anatafuta kiwavi mdogo anayekaribia kuvua ngozi, atajipangia mwenyewe kwa kutazama jani lake.

Hoja ya pili ni kwamba dawa inayoua papo hapo ni bora kwa sababu mkulima anaona matokeo. Kuona si kosa. Tatizo ni kwamba nyingi ya dawa hizo zinapiga neva, na neva kila mdudu anazo: nyuki, buibui, kidomo, nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya kiwavi. Unaua jeshi lako na la adui pamoja. Dawa zinazovuruga kuvua ngozi kwa kawaida hazimsumbui nyuki mkubwa kwa kiasi hicho, maana ameshamaliza kuvua.

Lakini nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Dawa hizi nazo zina mipaka. Kamba na kaa nao wanavua ngozi kwa homoni hiyohiyo, kwa hiyo usisafishie bomba lako mtoni, kisimani wala karibu na bwawa. Makinda ya nyuki na ya wadudu rafiki wengine nayo yanaweza kuumia. Na wadudu wanazoea. Carroll Williams, yuleyule wa kisa cha karatasi, mwaka 1967 aliandika kwa matumaini makubwa kwamba mdudu hawezi kuizoea homoni yake mwenyewe. Muda ukaonyesha anaweza. Ndiyo maana tunasema badilisha kundi la dawa kati ya kizazi na kizazi. Kubadilisha jina la chupa tu huku kiambato ni kilekile hakusaidii.

Hoja ya tatu, na hii inaniudhi kidogo, ni kwamba utafiti wa inzi wa ndizi ni mchezo wa matajiri. Kwa nini mtu alipwe kutazama seli nane zikitembea robo ya milimita? Jibu langu ni kwamba mwarobaini tulikuwa nao miaka yote, lakini kujua unagusa wapi ndani ya mdudu kumetokana na watu waliosoma homoni bila kujua zitamfaa nani. Hata mmea wa Ajuga remota unaoota kwenye nyanda zetu za juu, ambao wenyeji huutumia kwa tiba, ulikuja kuonekana una kemikali zinazofanana na ekdisoni. Viwavi waliolishwa dondoo yake walishindwa kumaliza kuvua, wakabaki na vifuniko vya vichwa vimepandana, mdomo umezibwa, wakafa njaa. Kama hujui kuvua ngozi kunaendeshwa na nini, tukio hilo utaliita miujiza au uchawi.

Ninachotaka kibadilike

Kwanza, kwetu maafisa ugani. Kila darasa la shambani lianze na mdudu mkononi. Kioo cha kukuzia cha bei ndogo kinatosha. Weka kiwavi kwenye chupa yenye jani na kitambaa juu, wakulima wamwangalie akivua ngozi. Akishaona ngozi ya zamani imebaki kando kama shati, hutahitaji mhadhara mrefu.

Pili, kwa wauza pembejeo. Kabla ya kutaja bei, muulize mteja: kiwavi ana ukubwa gani? Yuko juu ya jani au ameshazama? Na umwambie dawa inachukua siku ngapi. Duka linalouza dawa ya polepole bila kusema ni ya polepole linajitengenezea ugomvi wenyewe.

Tatu, kwa vibandiko vya dawa. Natamani kila kimoja kiwe na mstari mmoja wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi kubwa: inafaa kwa hatua ipi ya mdudu, na usubiri siku ngapi kuona matokeo. Mkulima apate mstari huo kabla ya picha ya kiwavi aliyepinduka miguu juu.

Nne, kwako mkulima. Ingia shambani mara mbili kwa wiki tangu mahindi yakiwa na majani machache. Tembea kwa mtindo wa herufi W, simama sehemu tano, angalia mimea 20 kila sehemu. Ukikuta fungu la mayai, liponde kwa vidole, hilo ni jeshi zima na halijakugharimu senti. Mahindi yakiwa bado madogo, ukikuta mimea ishirini kati ya mia ina dalili mbichi, chukua hatua. Kama viwavi ni wadogo, mwarobaini au dawa ya kuvuruga kuvua ngozi inafaa, iliyosajiliwa na TPHPA, kwa kipimo cha kwenye kibandiko. Kama wameshashuka ardhini, weka bomba chini, pesa yako itaishia kwenye majani matupu. Ukivuna, lima mapema uwatoe pupa juani, kuku na ndege watakushukuru.

Mdudu ana kalenda, na kalenda hiyo imeandikwa kwa kemikali ambazo hatuzioni. Hatuhitaji kukariri majina yake yote. Tunahitaji kujua kwamba ipo, na kwamba kuna siku ambazo mlango uko wazi na siku ambazo umefungwa. Anayepulizia siku ya mlango kufungwa anamwagia maji ukuta, hata dawa iwe kali namna gani.

Kwa hiyo safari ijayo ukiniita shambani, njoo na kiwavi kwenye chupa. Nitakuuliza ukubwa wake kwanza. Jina la dawa litafuata.